Jina Upande Huu, Pesa Upande Ule: Jinsi ya Kuchapa Hesabu za Kikundi Bila Kuzikata



Mara hii tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi wetu hulidharau mpaka siku ya mkutano: kuchapa hesabu za kikundi kutoka kwa kompyuta. Mtu husema, "Ah, kuchapa nako ni kazi gani? Si ni kubonyeza tu?" Hata sisi tulisema hivyo. Halafu tukaalikwa mkutano wa mwaka wa kikundi kimoja hapa upande wa Lanet, tukajionea kwa macho yetu.

Yaliyotokea mkutanoni

Kikundi chenyewe hatutakitaja jina. Kina wanachama 62. Kwa miaka mingi mweka hazina alikuwa akiandika akiba na mikopo katika kitabu cha hesabu, kile cha jalada gumu. Baadaye kijana mmoja wa kikundi akajitolea kuingiza yote kwenye kompyuta, katika lahajedwali, yaani ile karatasi ya kwenye skrini yenye visanduku vingi, ambayo watu wengi huijua kwa jina la Excel. Alifanya kazi nzuri. Kila mwanachama alikuwa na mstari wake, na kila mstari ulikuwa na safu 20: namba, jina, simu, miezi 12, jumla ya akiba, mkopo, riba, faini, na salio la mkopo.

Asubuhi ya mkutano kijana akapitia saiba, akabonyeza, zikatoka karatasi 6. Alikuwa amechelewa. Akazikunja vile zilivyo, akapanda boda boda, akafika mkutano umeshaanza. Karatasi zikapitishwa mkono kwa mkono.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Karatasi mbili za kwanza zilikuwa na majina, namba za simu na pesa za Januari mpaka Mei. Zile nne zilizobaki zilikuwa na pesa tupu, bila jina hata moja. Mzee mmoja alishika karatasi ya sita. Haikuwa na jina, haikuwa na kichwa cha habari, ilikuwa na tarakimu peke yake. Akaanza kuhesabu mistari kutoka juu: wa kwanza ni fulani, wa pili ni fulani, wa tatu ni Mama fulani. Mbele ya watu wote akasoma: "Mama, wewe bado unadaiwa shilingi 8,000."

Yule mama alisimama. Mkopo wake alikuwa ameumaliza mwezi wa kumi. Alisema, "Mwenyekiti, mimi nimekaa katika kikundi hiki tangu kianze. Kama ni hivi mnaandika, nipeni akiba yangu niende zangu." Akina mama wengine watatu wakasimama naye. Mweka hazina akaanza kulia. Pesa hazikuwa zimeibiwa. Hesabu ya kwenye kompyuta ilikuwa sawa. Kilichokosea ni karatasi.

Kwa nini karatasi ilidanganya

Tuanze na kitabu cha zamani. Ukikifungua kitabu cha hesabu, jina liko mkono wa kushoto, na mstari unaenda mpaka mwisho wa ukurasa wa kulia. Mstari unavuka mshono wa kitabu, lakini haukatiki, kwa sababu kurasa mbili zimeshonwa pamoja. Mtu hufuata kwa kidole tu.

Lahajedwali haina mshono, na tena haina mwisho wa karibu. Katika Excel za kuanzia mwaka 2007, karatasi moja ya kwenye skrini ina mistari 1,048,576 na safu 16,384. Ni kama uwanda usio na ua. Lakini karatasi ya printa ina mipaka. Hii tunayotumia hapa Kenya inaitwa A4, na ina upana wa milimita 210 na urefu wa milimita 297. Kwa hiyo unapobonyeza kuchapa, mashine inabidi iukate ule uwanda uwe vipande vya A4. Wewe usipoiambia ikate wapi, itakata popote.

Na inakata kwa utaratibu wake. Kwa kawaida Excel huchapa kwanza kwenda chini mpaka mistari iishe, halafu hurudi juu na kuanza safu zinazofuata upande wa kulia. Sasa rudini kwa zile karatasi 6. Ya kwanza ilikuwa na wanachama wa 1 mpaka 45, majina yao na pesa za mpaka Mei. Ya pili ilikuwa na wanachama wa 46 mpaka 62. Ya tatu ikarudi kwa mwanachama wa 1, lakini sasa ni miezi mingine, na jina limebaki nyuma. Ya tano na ya sita zilikuwa na riba, faini na salio la mkopo. Mstari wa tatu wa karatasi ya sita haukuwa wa mwanachama wa 3. Ulikuwa wa mwanachama wa 48! Yule mzee hakuwa mtu mbaya. Alisoma kile alichopewa.

Hapa Lanet sisi si wageni wa mitambo. Mwaka 2012 Chifu Francis Kariuki wa Lanet Umoja alijulikana hata ng'ambo kwa sababu ya kutangazia wananchi habari kupitia Twitter, na wengi wakizipata kwa ujumbe mfupi kwenye simu za kawaida. Pesa nazo tunatumiana kwa M-Pesa tangu mwaka 2007. Lakini siku ya kugawana, au siku afisa wa maendeleo ya jamii anapotaka kuona hesabu, watu wanataka karatasi. Mwanachama asiye na kompyuta huona pesa yake mahali pamoja tu: kwenye ile karatasi. Basi na tujifunze kuichapa vizuri.

Maneno mengi ya kwenye skrini yameandikwa kwa Kiingereza. Tutayaandika kama yalivyo, ili uyatambue ukiyaona.

Hatua ya 1: Tazama kabla ya kuchapa

Bonyeza Ctrl na P kwa pamoja. Usichape bado. Katika Excel za kuanzia mwaka 2010 utaona picha ya karatasi vile itakavyotoka, na chini yake idadi ya kurasa. Ikisema kurasa 6 na wewe ulitarajia 2, simama hapo. Pitia kila ukurasa kwa macho. Kutazama ni bure. Kila karatasi ya saiba ni pesa. Ukilipa shilingi 10 kwa ukurasa, karatasi 6 mbovu ni shilingi 60 zimeenda, na bado utachapa tena.

Ukimaliza kutazama, bonyeza Esc urudi kwenye hesabu zako.

Hatua ya 2: Ficha safu ambazo mkutano hauhitaji

Je, ni lazima namba za simu na za vitambulisho zipitishwe mkono kwa mkono? Hapana. Tangu Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, habari za mtu binafsi si za kutawanya ovyo. Bonyeza herufi iliyo juu ya safu hiyo kwa kitufe cha kulia cha mausi, halafu chagua "Hide". Safu haijafutwa, imejificha tu, na iliyofichwa haichapwi. Ukitaka kuirudisha, chagua safu mbili za jirani yake, bonyeza kulia tena, chagua "Unhide". Hapo umeokoa nafasi na umelinda siri za watu.

Punguza pia upana wa safu za miezi. Safu inayobeba shilingi 500 haihitaji nafasi ya shilingi milioni.

Hatua ya 3: Laza karatasi

Hesabu zenye safu nyingi hazitoshi kwenye karatasi iliyosimama. Nenda "Page Layout", kisha "Orientation", chagua "Landscape". Karatasi italala, na upana utakuwa milimita 297 badala ya 210. Hapo hapo bonyeza "Margins" na uchague "Narrow", ili nafasi tupu za pembeni zipungue.

Bonyeza pia "Size" uhakikishe ni A4. Kompyuta nyingi huja zimewekwa karatasi ya Kimarekani inayoitwa Letter, ambayo ni milimita 216 kwa 279. Ni pana kuliko yetu kidogo, lakini ni fupi. Usiporekebisha, printa inaweza kusimama ikimulika taa na kudai karatasi ambayo haipo, au kurasa zikakatika mahali usipotaka.

Hatua ya 4: Tosheleza upana, si kila kitu

Rudi kwa Ctrl na P. Chini upande wa kushoto kuna mahali pameandikwa "No Scaling". Bonyeza hapo uchague "Fit All Columns on One Page". Maana yake ni kwamba safu zote zitaenea kwenye upana wa karatasi moja, na mistari itaendelea karatasi ya pili ikihitajika. Hii ndiyo dawa kubwa ya ugonjwa wa jina huku, pesa kule.

Lakini jihadhari! Karibu na hapo kuna "Fit Sheet on One Page". Hiyo hubana kila kitu, watu wote 62 na pesa zao, mpaka herufi zinakuwa kama siafu. Wazee wetu watasoma na nini? Karatasi isiyosomeka ni sawa na karatasi isiyochapwa. Ikiwa hata upana peke yake unafanya herufi ziwe ndogo sana, gawanya hesabu mara mbili: Januari mpaka Juni, halafu Julai mpaka Desemba, na majina yawe katika zote mbili.

Hatua ya 5: Rudia vichwa vya habari katika kila ukurasa

Karatasi ya pili isipokuwa na vichwa, mtu atajuaje ipi ni faini na ipi ni riba? Nenda "Page Layout", halafu "Print Titles". Mahali palipoandikwa "Rows to repeat at top", andika $1:$3 kama vichwa vyako viko katika mistari ya 1 mpaka 3. Na kama safu zako bado zinavuka kwenda karatasi nyingine, mahali pa "Columns to repeat at left" andika $A:$B, ili namba na jina vifuate kila ukurasa.

Wengi hukwama hapa kwa sababu hupitia kule kwa Ctrl na P, wakakuta visanduku hivi vimefifia na havikubali kuandikwa. Hujakosea, wala kompyuta haijaharibika. Pitia "Page Layout", vitafunguka.

Hatua ya 6: Weka mistari na namba za kurasa

Ile mistari myepesi unayoiona kwenye skrini kwa kawaida haichapwi. Bila mistari, jicho huruka kutoka kwa mtu huyu kwenda kwa jirani yake. Katika "Page Layout", tafuta "Gridlines", na chini yake weka alama kwenye "Print".

Halafu namba za kurasa. Fungua "Print Titles" tena, bonyeza kichupo cha "Header/Footer", na kwenye "Footer" chagua "Page 1 of ?". Kila karatasi itasema ni ya ngapi kati ya ngapi. Moja ikipotea njiani, mkutano utajua mara moja.

Matatizo mengine tunayoulizwa

*Kumetokea alama za ##### mahali pa pesa.* Pesa haijapotea. Safu ni nyembamba kuliko tarakimu zake. Weka mshale kwenye mpaka wa herufi za juu na ubonyeze mara mbili haraka, safu itajipanua. Wakati mwingine skrini iko sawa lakini karatasi inatoa #####, maana herufi za printa hazilingani kabisa na za skrini. Acha nafasi kidogo ya ziada.

*Zinatoka karatasi tupu.* Mahali fulani mbali huko kulia au chini, mtu aligusa akaacha nafasi au nukta. Kompyuta inahesabu hiyo ni kazi. Bonyeza Ctrl na End, mshale utakupeleka kwenye kona ya mwisho inayotumika. Ukijikuta mbali na hesabu zako, futa safu na mistari hiyo ya ziada, halafu uhifadhi faili.

*Wanachama wapya hawakuchapwa.* Hili ni kubwa, na tumeliona katika vikundi zaidi ya kimoja. Mtu aliweka mpaka wa kuchapa mwezi wa kwanza, kwa kutumia "Print Area" halafu "Set Print Area". Mwezi wa tisa wakaingia watu wanne, wakaandikwa chini kabisa, nje ya mpaka. Kwenye skrini wapo, kwenye karatasi hawapo. Hebu fikiria uchungu wa mtu aliyelipa kiingilio akakosa jina lake! Chagua hesabu zote upya kisha "Set Print Area" tena, au futa mpaka wa zamani kwa "Clear Print Area". Na uangalie ile fomula ya jumla pia, kama inawahesabu hao wapya.

*Kurasa zinakatika katikati ya watu.* Nenda "View" kisha "Page Break Preview". Utaona mistari ya buluu ambayo ndiyo visu vya mashine. Ivute kwa mausi mpaka pale unapotaka. Mtu mwingine akiwa ameacha mikato yake ya zamani, nenda "Page Layout", "Breaks", "Reset All Page Breaks", uanze upya. Ujue tu kwamba ukitumia ile njia ya kutosheleza ya Hatua ya 4, Excel haiitii mikato uliyoweka kwa mkono.

*Sisi hatuna Excel.* LibreOffice Calc ni ya bure na inafanya kazi hizi zote. Mpaka wa kuchapa na vichwa vya kurudia viko kwenye "Format", halafu "Print Ranges". Kulaza karatasi na kutosheleza upana kuko kwenye "Format", halafu "Page Style".

Kupeleka saiba

Umepanga vizuri nyumbani, umefika saiba, mambo yamegeuka tena. Kwa nini? Kompyuta ya pale ina printa nyingine na pengine aina nyingine za herufi, na Excel hupanga kurasa kwa kufuata hizo. Dawa ni kugeuza hesabu ziwe PDF kabla ya kutoka nyumbani: "File", "Save As", halafu uchague PDF katika aina za faili. PDF ni kama picha ya karatasi: vile ilivyo kwako ndivyo itakavyokuwa kule. Ifungue kwanza uikague, halafu uitie kwenye flashi. Faili lenyewe la Excel liache nyumbani, ili mtu asije akagusa hesabu kwa bahati mbaya.

Na tafadhali, usichape asubuhi ya mkutano. Chapa siku mbili kabla.

Kidole na kalamu

Kompyuta haijui kama umemkosea mtu. Kwa hiyo kabla karatasi hazijafika mkutanoni, mweka hazina na katibu wakae pamoja wafanye mambo matatu. Wahesabu majina: kama wanachama ni 62, majina yawe 62. Walinganishe jumla ya karatasi na kitabu cha benki. Halafu wachague watu watano popote, wafuate mstari wa kila mmoja kwa kidole mpaka mwisho, wakilinganisha na kitabu cha zamani. Wakiridhika, waweke sahihi na tarehe. Kile kitabu cha jalada gumu msikitupe.

Hicho ndicho kilichookoa kile kikundi. Mwenyekiti alimtuma kijana nyumbani kwa mweka hazina akalete kitabu. Kikafunguliwa mbele ya watu. Mstari wa 3, jina la yule mama, salio: hakuna. Mzee aliyesoma vibaya alisimama akamwomba msamaha, naye akakubali kukaa chini. Wiki iliyofuata tulikaa na yule kijana, tukafuata hatua hizi moja baada ya nyingine. Zile karatasi 6 zikawa 2, kila jina limekaa na pesa zake. Mkutano ukaitishwa tena.

Yule mama alipopewa karatasi aliweka kidole kwenye jina lake, akakipeleka polepole mpaka mwisho wa mstari. Akasema, "Haya. Sasa tuendelee."

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Hesabu zetu zikichapwa leo, je, kila mwanachama anaweza kufuata mstari wake kutoka jina mpaka salio bila kusaidiwa?
2. Ni nani hukagua karatasi kabla ya mkutano, na hufanya hivyo siku ngapi kabla?
3. Ni habari gani za wanachama ambazo hatupaswi kuzichapa?
4. Kitabu chetu cha zamani kiko wapi, na kimeandikwa mpaka mwezi gani?